Damu ya Makame Haji

Kiponda, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Zuwena,

Nnakuandikia na wewe uko chumba cha pili. Nnakusikia unavyogombana na mamaako. Yeye anataka utie blanketi la tatu ndani ya sanduku, wewe unamwambia Tanga si nchi ya baridi, na nyote wawili mmepaza sauti makusudi ili nitoke nije kuamua. Sitoki. Nimesema kichwa kinaniuma, na mtu mwenye kichwa kinachouma haamui mablanketi.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kutokula njiani, ya kutomwazima mtu kanga zako, mamaako keshayasema, na shangazi yako Bi Thuwaiba kaja kuyarudia kwa sauti kubwa zaidi. Sina la kuongeza hapo. Mimi nna jambo moja tu, la aibu, limenikaa kooni miaka minne. Nataka ulijue, lakini sitaki uniangalie usoni wakati unalijua. Basi barua hii ntaisokomeza baina ya nguo zako, na utaisoma kesho ukishakuwa melini, ambako huwezi kugeuka ukarudi kunigombeza.

Ni juu ya Makame Haji wa Malindi, hapa hapa mjini.

Yule mtu mwema aliyekutolea damu ulipokuwa na miaka kumi na nne. Yule unayemwombea dua kila ukimaliza sala, nami nimekaa pembeni naitikia amin. Yule tuliyemsomea khitma mwaka jana, ukalia mpaka macho yakavimba. Zuwena, Makame Haji hajafa. Makame Haji ni mimi baba yako. Cheka ukitaka, lakini endelea kusoma, maana mbele hapachekeshi pote.

Wewe ulikuwa mdogo, huijui vizuri hofu yetu. Baada ya mapinduzi ya mwaka wa sitini na nne, watu wetu wengi wenye asili ya Uarabuni waliondoka, na sisi tuliobaki tukashika jambo moja kama dini: jina lako lisikae juu ya karatasi ya mtu. Ukisikia anakuja mtu na daftari, hata kama anahesabu paka, unatokea mlango wa uani. Ami yako Seif alikuwa akiulizwa jina anajibu, "Nani kataka kujua?" Na aliyemuuliza muuza ndimu, anataka amwite tu ampe chenji yake.

Sasa, mwaka wa sitini na saba hospitali ikawa inatafuta watu wa kutoa damu, iwekwe tayari kwa wagonjwa. Alikuwepo mhudumu mmoja wa hospitali, Ramadhani, mtu wa Ng'ambo, babu yake alitoka bara. Mdomo wake haukuwa na breki. Siku moja kaja dukani kwangu kununua halua, akasema mbele ya watu: "Bwana Salim, watu wa kila mtaa wamekuja kutoa damu. Nyinyi wa huku hata mmoja! Kwani nyinyi hamna damu, mna samli tu?"

Watu wakacheka. Mimi uso ukanipanda moto. Nikamwambia, "Yakhe, mimi damu yangu ukiiona utaiamkia shikamoo." Basi nimeshasema, ntarudi wapi? Nikangoja siku ambayo Ramadhani alikwenda Uroa kuwapigia watu wa huko mdomo huohuo, nikenda hospitali peke yangu, kimyakimya.

Nikamkuta kijana wa maabara kashika kalamu. Daftari mbele yake, kubwa, limefunguliwa. Akaniuliza, "Jina lako nani, mzee?" Wallahi, mwanangu, nilifungua mdomo niseme Salim bin Nassor, na kilichotoka ni Makame Haji. Sikupanga. Lilitoka lenyewe, jina la mtu wa kisiwani asiyeulizwa kitu na mtu.

"Unakaa wapi?"

"Malindi. Nyumba yenye mlango wa kijani, nyuma ya soko la samaki."

"Kazi?"

"Mvuvi."

Kijana akaitazama mikono yangu, ilivyojaa makovu ya sukari ya moto, mikono ya mpika halua hata kipofu angejua. Akaandika: mvuvi. Akanionyesha kitanda. Kitanda cha pili alilala mtu anatolewa damu, nikaiona inavyoteremka kwenye chupa, nikasema bismillahi, na hapo sikumbuki tena. Nilizimia kabla ya sindano kunigusa. Damu walinitoa nikiwa sina habari.

Nilipozinduka nikapewa chai na kipande cha halua. Nikakitia mdomoni. Astaghfirullah! Wanga mbichi, samli imejitenga, iliki ya jina tu. Maradhi yote yakanitoka. Nikauliza, "Nani kapika uchafu huu? Hii haikukorogwa, hii imeonyeshwa mwiko tu!" Nikasema sana. Kijana akawa ananisikiliza huku anaandika.

Baada ya wiki nikarudi kuuliza wameionaje damu yenyewe, maana nilikuwa nnataka kusifiwa. Kijana yule alikuwa anapenda maneno mapya ya kitaalamu. Akasema, "Mzee Makame, damu yako ni O, tena hasi."

"Hasi?"

"Hasi kabisa."

Zuwena, wewe umesoma hesabu skuli, unajua chanya na hasi. Mimi nimesoma chuo cha Kurani kwa Maalim, na kuhasi nnakujua kwa madume ya ng'ombe tu, yanapokatwa yanayokatwa ili yatulie yavute gari. Baba mwenye watoto wanne naambiwa damu yangu imehasiwa! Sikungoja maelezo. Nikatoka pale nimejifunika kichwa na koti. Nilipofika nyumbani nikawatazama nyote wanne mmoja mmoja, mnakula. Pua zote nne ni zangu. Hapo nikatulia kidogo, lakini nikaapa sitamwambia mtu, na hospitali sikanyagi.

Mwaka uliofuata ukaugua wewe. Homa ya malaria ilikushika siku nyingi, ikala damu yako, midomo ikawa myeupe kama karatasi hii. Tukakupeleka asubuhi. Daktari, mama mmoja mkali lakini mwenye huruma, akakupima akasema, "Mtoto huyu anataka damu leo. Si kesho. Na damu yake ni aina ya nadra. Kwenu nyinyi inapatikana kuliko kwa wengine, lakini nyinyi ndio msiokuja kutoa." Mamaako akasema atiwe yoyote, akamwambia haiwezekani, huyu msichana, akitiwa isiyokuwa yake inaweza kuja kuwadhuru watoto wake huko mbele.

Wakampima mamaako, haikuwafiki. Bi Thuwaiba naye haikuwafiki, akaona kama katukanwa. Daktari akanigeukia. "Na wewe baba?"

Hapa ndipo nnapotaka unisikilize. Mwanangu unakata roho mbele yangu, na mimi nikasema, "Mimi nshapimwa. Yangu haifai."

"Nani kasema haifai?"

"Wenyewe."

Nilisema hivyo kwa sababu ya kuona haya. Neno moja nisilolijua maana yake, na nilikuwa radhi lisitajwe mbele ya mamaako. Daktari hakuwa na wakati wa kubishana, akaagiza daftari. Katika daftari lote jina lilikuwa moja tu, Makame Haji wa Malindi. Akampa Ramadhani karatasi yenye maelezo ya mtu huyo, akasema mtafuteni kabla ya jua kutua. Mimi nikasema nafuatana naye.

Utaniuliza, hukulikumbuka jina? Sikulikumbuka! Uongo wa woga mtu hauweki akilini. Ile hasi niliikumbuka kila siku, jina nilikwisha kulitema njiani. Basi tukakimbia mimi na Ramadhani mpaka Malindi, nikasimama katikati ya soko la samaki nikapiga ukelele: "Makame Haji! Makame Haji!"

"Naam!"

"Naam!"

"Naam! Nani ananiita?"

Malindi ukimwita Makame, nusu ya soko inaitikia. Walikuja Makame sita. Wawili kati yao walikuwa Makame Haji kweli, na mmoja alikuwa Haji Makame lakini alikuwa tayari kusaidia. Hapana aliyewahi kutoa damu. Mlango wa kijani tukauona. Tukagonga, ukafunguliwa, ndani mmejaa papa mkavu mpaka kwenye dari. Nikaanza kulia pale pale mlangoni. Nikamlaani Makame Haji. Nikasema, "Mtu gani huyu? Unatoa damu halafu unajificha? Mwanangu anakufa, na yeye kakaa wapi, mwana haramu huyu?"

Ramadhani akasema, "Tulia, Bwana Salim. Hapa pana alama nyengine zimeandikwa." Akakunjua karatasi akasoma kwa sauti, kama anavyosoma khatibu: "Mrefu. Alizimia kabla ya sindano kumgusa. Amelalamikia halua. Kasema haikukorogwa, imeonyeshwa mwiko tu."

Akanitazama. Mimi nikakaa kitako juu ya pakacha la dagaa.

"Bwana Salim," akasema polepole, "mjini hapa ni nani mwengine anayeweza kuzinduka kutoka kuzimia akagombana na halua?"

Nilikuwa nshaanza kukimbia, na kanzu nimeipandisha mpaka magotini, mtu mzima na ndevu zangu. Pale Darajani nikamgonga mtu na baiskeli yake, sikusimama. Nikaingia hospitali nikapiga kelele, "Makame Haji ni mimi! Nitoeni!" Daktari akasema, "Lakini wewe si ulisema damu yako haifai?" Nikamwambia, "Nyinyi ndio mliosema imehasiwa!" Palikuwa na wauguzi watatu, na wote watatu walilazimika kutoka nje. Kijana wa maabara mwenyewe alinieleza huku machozi ya kicheko yanamtoka kwamba hasi ni alama tu, kama ya kutoa katika hesabu, na haihusiani na kitu chochote nnachokifikiria.

Nikalala. Nikazimia. Na jua lilikuwa bado halijatua damu yangu ilipokuwa inaingia mkononi mwako, tone baada ya tone, na midomo yako ikarudi rangi yake. Ulifungua macho ukasema unataka embe bichi na pilipili. Nilitoka nje nikashika ukuta, nikalia kama mtoto. Sijapata kuwa na furaha kama ile, wala sijapata kujichukia kama siku ile.

Mamaako, aliyekuwa kitandani kwako muda wote, akauliza, "Kapatikana huyo Makame?" Nikasema kapatikana. Hapo ndipo ningesema kweli. Lakini ningesema vipi? Kwamba mumeo kajificha ndani ya jina la uongo, akakaribia kumwua mwanawe? Nikamwomba Ramadhani anyamaze, na daftarini wamwache Makame vilevile alivyo. Ramadhani akasema, "Ntanyamaza, lakini unafanya upumbavu, Bwana Salim." Mtu wa mdomo vile, kwa siri yangu alifunga kinywa mpaka alipohamishiwa Pemba.

Wewe ukaanza kumpenda Makame Haji. Kila Idi unanipa sahani ya pilau, umeifunika kitambaa ulichokitarizi mwenyewe, unaniambia, "Baba, mpelekee Mzee Makame, mwambie Zuwena anamsalimia." Nami nnapokea, nnakata kona mbili, nnakaa nyuma ya kisima nnaila yote. Nnarudi nakwambia, "Kasema ahsante, kasema umezidisha bizari kidogo." Ukanikasirikia mimi kwa niaba yake! Mwaka wa pili ukataka kumwona. Nikamhamishia Uroa, nikasema kenda kukaa kwa wakwe. Mamaako akasema, "Uroa si mbali, Ijumaa twende." Nikasema mgonjwa. Akasema, "Basi ndio vizuri, tukamzuru." Ah! Nimezungukwa kila upande, nikamwua.

Sikudhani mtasoma khitma. Nimekaa pale na juzuu mkononi najisomea mwenyewe, watu wananiambia, "Mungu amrehemu, Bwana Salim, alikuwa mtu mwema," na mimi naitikia na wali mdomoni. Lakini wewe ulipolia, niliiweka sahani chini. Nilitaka kuja kukushika. Nikaona haya tena.

Sasa hapa kicheko kinakwisha, mwanangu. Mamaako ni mtu wa haki. Baada ya khitma alikwenda hospitali, bila ya kuniambia, akawaarifu kwamba yule Makame Haji kafariki, ili wasije wakamsumbua mjane wake. Ramadhani alikwisha kuhama, kijana wa maabara aliondoka zamani. Karani mpya akapiga mstari, akaandika: marehemu.

Unamjua Bwana Abdalla, fundi saa wa Mkunazini, mtu wetu, mtulivu. Unajua mkewe, Rukia, alifariki mwezi wa Rajabu kwa kuzaa. Siku moja kabla ya arobaini alikuja dukani kuagiza halua. Mimi nnakoroga, yeye kasimama kando ya sufuria, na akaanza kusimulia bila ya kuulizwa, kama wanavyofanya watu wenye msiba. Alisema damu ilimtoka sana Rukia, na damu yake ilikuwa ya aina ngumu. Alisema, "Walitazama daftari. Alikuwepo mtu mmoja, Makame Haji, wa Malindi. Lakini kafa, masikini. Ukoo wangu mzima, Bwana Salim, na ukoo wake, hapana aliyejiandikisha hata mmoja."

Halua ile iliungua. Tangu nianze kazi hii sijapata kuunguza halua. Abdalla alidhani namlilia yeye, akanipiga bega kunituliza.

Sijui kama damu yangu ingemwokoa Rukia. Karani nilipomuuliza alisema hapana ajuaye. Lakini mimi nilikuwa hapa Kiponda, mzima, naweza kufika kwa miguu, na wao wamenipigia mstari.

Nilikwenda hospitali kesho yake nikamwambia karani aandike jina langu, lote. Alipomaliza kuandika wakanipima, wakaniambia nna ugonjwa wa sukari, nisitoe tena. Aliyekuwa na haja ya kucheka angecheka. Basi katika nyumba hii tunayemjua ana damu hii na anaweza kuitoa ni wewe peke yako, na kesho unaondoka. Sikulaumu kwa kuondoka. Nnafurahi wallahi, nnajivuna mpaka majirani wamechoka na mimi. Nakwambia tu uliyonayo mwilini.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Abdalla. Nilimweleza yote, na papa mkavu, na pilau, na khitma, na mstari. Alikuwa kafungua saa ya mtu. Hakunyanyua uso. Nilipokwisha akaniuliza, "Wewe unaitwa nani?" Nikasema, "Salim." Akasema, "Jina lako nakuuliza." Nikamtajia, mimi na baba yangu na babu yangu. Akasema, "Haya. Nimesikia." Akarudi kwenye saa yake. Sijui kama kanisamehe. Sikuthubutu kuuliza.

Shangazi yako kakushauri huko chuoni Tanga ujiandike Zuwena Salim basi, la babu ulifiche, usije ukajulikana asili yako. Jana nilinyamaza anaposema, na kunyamaza kwangu ukakuhesabu kuwa ni kukubali. Sikukubali. Wakikuuliza jina, taja lote. Na wakitaka watu wa kutoa damu, nyoosha mkono. Ukizimia utakuwa umerithi.

Lakini wewe unakwenda kuwa muuguzi. Iko siku kalamu utaishika wewe, na Tanga pia wapo watu wetu. Atakuja mmoja, mtu mzima, anatupa macho mlangoni. Utamuuliza jina, atakutajia jina lisilokuwa lake. Utamjua tu. Usimwaibishe, mwanangu, na usiliandike. Weka kalamu chini. Mwambie kwanza wewe unaitwa nani na binti wa nani, mpaka kwa babu. Halafu muulize tena.

Baba yako,

Salim bin Nassor bin Khalfan